Shokapu ikivuja Mlandege, nani alipe?

*Sili ya mpira ya bei ndogo inawagombanisha bosi, dereva na fundi. Wakati wanabishana, oili inateremka kuelekea kwenye breki.*

Pikipiki imeegeshwa kijiweni Mlandege, Manispaa ya Iringa, taa ikitazama barabara. Tanki limefutwa likang'aa, kiti kimevalishwa kava jipya, kibao cha namba kimesuguliwa hadi herufi MC zinasomeka kutoka ng'ambo ya pili. Lakini ukiinama utazame mguu wa mbele wa kushoto, utaona tope jekundu limeganda juu ya bomba la kromu, na hii ni Agosti, mvua imeshasahaulika.

Tope hilo halina maji ndani yake. Ni vumbi lililokutana na oili ya shokapu.

"Kamwene, mnyalukolo," abiria anasalimia huku akipandisha gunia lake la viazi. "Kamwene," dereva anaitika, anafuta bomba kwa kitambaa, anawasha, wanaondoka kuelekea Ipogolo. Kitambaa kinarudi mfukoni, maana kitahitajika tena mbele ya safari.

Kutoka mjini hadi Ipogolo, ambako barabara kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma inapita kando ya Mto Ruaha Mdogo, ni mteremko. Dereva akikamata breki, uzito unahamia mbele, shokapu zinazama, na gurudumu la mbele ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha chombo. Mguu mmoja ukiwa na oili kamili na mwenzake ukiwa nusu, usukani hautulii. Na oili iliyotoka nje ikifika kwenye diski ya breki au kwenye tairi, abiria mwenye gunia la viazi hana njia ya kujua kwamba breki aliyoitegemea imepungua.

Mpira mdogo, kazi kubwa

Ndani ya mguu wa mbele wa pikipiki hizi hamna vitu vingi. Kuna bomba la chuma lililopakwa kromu, linaloingia na kutoka katika mguu wa alumini. Kuna springi ndefu, fimbo yenye matundu madogo, na oili. Springi inabeba uzito. Oili ikilazimishwa kupita kwenye yale matundu ndiyo inayoituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Bila oili, pikipiki inadunda.

Sili inakaa mdomoni mwa mguu wa alumini. Ni pete ya mpira mgumu wenye chuma ndani. Mdomo wake umelikumbatia bomba, na nyuma ya mdomo kuna springi nyembamba ya duara inayoubana. Kazi yake ni oili isitoke, vumbi na maji visiingie. Juu yake kuna kifuniko cha vumbi, ambacho kwenye pikipiki nyingi za kijiweni kilishachanika zamani na hakuna aliyekikumbuka.

Mpango huu ni wa zamani. Nimbus ya Denmark iliweka shokapu za mbele za bomba linaloingia na kutoka kwenye pikipiki zake mwaka 1934, BMW ya Ujerumani ikafuata mwaka 1935 na za oili. Honda CG125, iliyoingia sokoni mwaka 1976 ikiwa imeundwa kwa ajili ya nchi ambako chombo hubebeshwa mizigo na hukaa muda mrefu bila matengenezo, ilitumia mpango huohuo. Viwanda vya China vikaiiga CG125 kwa wingi, na pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa katika miji yetu ni wajukuu zake. Boxer ya Bajaj na TVS, zote za India, zina injini tofauti, lakini miguu ya mbele ni ya ukoo mmoja. Aliyefungua mguu wa moja hapotei akifungua wa nyingine.

Kinachoiua sili ni vumbi kavu linaloganda kwenye bomba, likasagwa chini ya mdomo wa mpira kila shokapu inapozama. Barabara za vumbi za kwenda Pawaga na Idodi zinafanya kazi hiyo mchana kutwa. Kuna pia mawe madogo yanayorushwa na gari la mbele: yanachonga kidonda kidogo kwenye kromu, kidonda kinashika kutu, na kutu inakuwa wembe. Ongeza mizigo ya abiria wawili na magunia, ongeza pikipiki iliyoanguka ikanyanyuliwa na kuendelea na safari huku bomba limepinda kiasi ambacho jicho halioni.

> Sili ni mhanga. Mkosaji mara nyingi ni bomba.

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Dereva anabadilisha sili, wiki mbili baadaye inavuja tena, anasema spea ni feki. Huenda ni kweli. Lakini sili halisi kutoka kiwandani, ikiwekwa juu ya bomba lenye kutu, nayo itakatwa vilevile. Sili ni mhanga. Mkosaji mara nyingi ni bomba, na bomba halikaguliwi kwa sababu kulikagua kunahitaji muda, na muda kijiweni una bei.

Bosi, dereva na hesabu

Bodaboda zilipewa kanuni zake za leseni mwaka 2010, na tangu 2019 usimamizi wa usafiri wa ardhini uko chini ya LATRA iliyochukua nafasi ya SUMATRA. Kanuni hizo zilihusu leseni, kofia ngumu na abiria. Nani anunue sili ya shokapu ni jambo la watu wawili: mwenye pikipiki na anayeiendesha.

Wanaoendesha kwa hesabu hupeleka kiasi walichokubaliana kila siku au kila wiki, na chombo kinabaki cha bosi. Wa mkataba nao hulipa kwa kipindi fulani, kikiisha pikipiki inakuwa yao. Kwa kawaida vitu vidogo ni vya dereva: pancha, oili ya injini, taa iliyoungua. Vikubwa ni vya bosi: injini, tairi, wakati mwingine cheni na sproketi. Shokapu inayovuja iko katikati kabisa. Sili ni ndogo kama pancha, lakini bomba lililoliwa na kutu ni kubwa karibu kama tairi.

Bosi anaona hivi: shokapu haivuji yenyewe, kuna aliyeirusha kwenye mashimo na kuijaza mizigo. Dereva naye anaona hivi: pikipiki ilikuja kwake imeshatembea, kifuniko cha vumbi hakikuwepo, na siku ya gereji ni siku isiyo na hesabu ilhali bosi hasamehi. Wote wana hoja. Matokeo yake ni kwamba mwenye mkataba huwa mwepesi zaidi kuifungua shokapu, kwa sababu anajua mwisho wa yote itakuwa yake. Mwenye hesabu hununua kitambaa.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haiulizi pikipiki ni ya nani kabla ya kukataza chombo kibovu kuwa barabarani. Askari akisimamisha pikipiki yenye diski iliyolowa oili, anayezungumza naye ni dereva. Kwa maoni yangu hilo peke yake linatosha kuwafanya wawili hao waandike mstari mmoja kwenye makubaliano yao: sili na oili ya shokapu ni za nani, na siku ya matengenezo hesabu inakuwaje. Makubaliano mengi ni ya mdomo, najua. Lakini hata ya mdomo yanaweza kutaja shokapu.

Nyumbani au kwa fundi?

Swali la pili ni nani aifanye kazi. Mafundi wa pikipiki wanasema shokapu si kazi ya uani. Ndani yake kuna springi iliyobanwa, kuna boliti ya chini inayokataa kufunguka, na breki ya mbele lazima ivuliwe na kurudishwa. Anayekosea hapati hasara ya mafuta, anapata ajali. Fundi aliyejifunza kwa kushika spana tangu utotoni ana sababu ya kusema hivyo, na siku hizi VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa namna hiyo, fundi apimwe na kupewa cheti bila kurudi darasani miaka.

Upande wa pili una hoja zake. Gereji nyingi hufungua mguu unaovuja pekee na kuuacha wa pili. Oili hukadiriwa kwa jicho. Mahali pengine inayomiminwa ni oili ya injini iliyotumika, nyeusi, yenye chembe za chuma, kwa hoja kwamba oili ni oili. Zipo pia dawa za kijiweni: oili nzito ya injini ili ivuje polepole, kipande cha tyubu kilichofungwa juu ya mguu, au kuendesha bila oili kabisa. Oili nzito kweli hutoka polepole, lakini asubuhi ya baridi ya Julai hapa Iringa shokapu inakuwa kama gogo. Tyubu huzuia mawe, sawa, lakini ikifungwa juu ya sili iliyokwisha kuharibika inafuga maji na mchanga palepale pasipotakiwa.

Nimeelemea upande wa nyumbani, kwa sharti moja: mtu awe tayari kuacha kazi katikati akikuta bomba limepinda. Kunyoosha bomba ni kazi ya mwenye vifaa, na hata huko bomba lililopinda sana hubadilishwa, halinyooshwi. Mengine yote yanawezekana uani, penye sakafu ngumu, kwa spana za kawaida na nusu siku ya Jumapili.

Kabla ya kununua chochote

Kwanza hakikisha sili imekufa kweli. Mara nyingine ni chembe moja ya mchanga iliyonaswa chini ya mdomo wake. Inua kifuniko cha vumbi, chukua kipande chembamba cha plastiki laini, kile cha chupa ya maji kilichokatwa kwa mkasi na kuachwa na kona ndogo kama ndoano kinafaa, kiingize kati ya bomba na sili, ukizungushe taratibu kulizunguka bomba lote. Uchafu utatoka nacho. Futa, bonyeza shokapu mara kadhaa huku umeshika breki, ukatazame. Pete ya oili isipojirudia, umeokoa fedha yako.

Ikijirudia, kagua bomba. Pitisha soksi ya nailoni au pamba juu ya kromu, juu chini na kuzunguka. Itakaponasa ndipo penye kidonda. Kovu dogo hulainishwa kwa msasa laini sana uliolowekwa oili. Shimo la kutu husafishwa, hujazwa gundi ngumu ya chuma, huachwa ikauke, kisha husuguliwa hadi ukucha usihisi kitu. Kromu iliyoanza kubanduka haina dawa ya nyumbani.

Dukani nenda na sili ya zamani, au namba zake. Sili huandikwa vipimo vitatu, kwa mfano 31-43-10: unene wa bomba, upana wa nje, na kimo, vyote kwa milimita. Nunua mbili pamoja na vifuniko viwili vya vumbi. Sili ikiwa na mpira uliokauka, maandishi yaliyofifia au springi yake ya ndani imelegea, irudishe. Oili iwe ya shokapu, SAE 10 kwa pikipiki nyingi za ukubwa huu, au ile ya gia za otomatiki, ATF, ambayo maduka ya spea za magari huwa nayo na ambayo Honda wenyewe waliielekeza kwa baadhi ya pikipiki zao.

Kufungua

Kosa la kwanza la wengi ni kuinua pikipiki mapema. Pikipiki ikiwa bado imesimama kwa magurudumu yote mawili, legeza kidogo boliti kubwa za juu ya shokapu. Ukishautoa mguu nje hutapata mahali pa kuushikilia ili uzilegeze. Ndipo uweke tofali na ubao chini ya injini, gurudumu la mbele lielee, uvue breki, gurudumu na madigadi.

Legeza boliti za vibano vilivyo chini ya usukani, uzungushe mguu huku ukiuvuta chini. Boliti ya juu ukiimalizia, usiinamishe uso juu yake: springi iko chini yake imebanwa, na kifuniko huruka. Toa springi ukikumbuka upande upi ulikuwa juu. Mimina oili kwenye kopo, pampu mguu hadi usitoe kitu. Itazame oili hiyo. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yaliingia. Ikimetameta, chuma kinaliwa ndani.

Kinachofuata ni boliti ya chini kabisa, iliyofichwa karibu na ekseli, inayofunguliwa kwa spana ya pembe sita. Mara nyingi inazunguka bila kutoka, kwa sababu ile fimbo ya ndani inazunguka nayo. Hapa watu wengi hukata tamaa na kuutia mguu kwenye kiroba kwenda gereji. Kabla ya hapo, chonga ncha ya mti wa ufagio, uusukume ndani ya bomba uikandamize fimbo kwa nguvu, mwenzako akiifungua boliti kwa chini. Ikikubali, bomba linatoka.

Sili yenyewe hushikwa na klipu ya waya, itoe kwanza. Ukiichokonoa sili kwa bisibisi, weka kitambaa kwenye ukingo, alumini ni laini na mkwaruzo wa hapo ni njia mpya ya oili. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, ukaushe.

Kurudisha

Sili mpya ina upande wa kuangalia chini, ule wenye springi ya duara inayoonekana. Upande wenye maandishi unatazama juu. Ikigeuzwa itavuja siku hiyohiyo. Ipake oili ya shokapu. Ukiipitisha juu ya bomba, funika ncha ya bomba kwa nailoni ili ukingo usiuchane mdomo wa mpira. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini nailoni ya kufungia mkate bado ipo jikoni na inatosha. Igongee sili kwa kutumia sili ya zamani juu yake na kipande cha bomba la maji, kidogokidogo, kuzunguka, hadi mfereji wa klipu uonekane wote. Boliti ya chini ipewe washa mpya ya shaba.

Oili ipimwe. Pikipiki nyingi za kijiweni hubeba chini ya mililita 200 kwa kila mguu. Kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha pikipiki. Chupa ya mtoto ya kunywea maziwa ina mistari ya mililita na ni kipimo kizuri, ikistaafu kazi yake ya kwanza. Miguu yote miwili ipate kiasi kilekile. Ukizidisha, hewa iliyobaki juu ya oili inakosa nafasi, shinikizo linapanda na sili mpya inasukumwa nje. Pampu bomba taratibu hewa itoke, ndipo urudishe springi.

> Kabla hujakaza ekseli, tazama sahani ya breki.

Sehemu inayonitisha kuliko zote ni hii. Kwenye pikipiki zenye breki ya ngoma mbele, sahani ya breki ina mfereji unaoingia kwenye jino lililochomoza kwenye mguu wa shokapu. Jino hilo ndilo linaloizuia sahani isizunguke. Kabla hujakaza ekseli, tazama sahani ya breki: kama jino halimo ndani ya mfereji wake, breki ya kwanza itaizungusha sahani yote, itakata waya na inaweza kuligandisha gurudumu ghafla. Fundi mzoefu huliangalia jino bila hata kujua kwamba ameliangalia. Wewe wa uani liangalie, umwite mwingine aliangalie, kisha liguse kwa kidole.

Boliti za vibano zikishakazwa, shusha pikipiki, bonyeza usukani mara kadhaa miguu ikae sambamba, ndipo ukaze ekseli kwa mara ya mwisho. Mwenye diski aifute kwa petroli. Pedi zilizokunywa oili zibadilishwe, hata ukizichoma moto hazirudi kuwa pedi. Jaribu breki uani, kisha barabara tambarare. Mteremko wa Ipogolo usubiri.

Kopo la oili chafu

Oili iliyobaki kwenye kopo kwa kawaida humwagwa mtaroni. Mitaro ya mji ulio kilimani inaelekea bondeni, na bondeni kuna Ruaha Mdogo, mto ambao Iringa inautegemea kwa maji, unaoendelea hadi Ruaha Mkuu na bwawa la Mtera. Kopo lifunikwe, lipelekwe kwenye gereji inayokusanya oili chafu.

Shokapu za nyuma ni habari nyingine. Kwenye pikipiki nyingi hizi zimefungwa kiwandani, hazina boliti wala klipu ya kufungua. Zikivuja hununuliwa nzima, na kwa jozi. Bei yake ni ya tairi, wala si ya pancha, kwa hiyo kwa kanuni ileile ya kijiweni hakuna ubishi: ni za bosi.